Mkutano Mkuu wa Magurudumu

Kila kikundi cha baiskeli kina mtu mmoja aliyewahi kutazama Tour de France kwenye televisheni, na huyo ndiye huwa kapteni. Si lazima ajue kuziba pancha. La muhimu ni awe na filimbi, miwani ya rangi ya chungwa, na ujasiri wa kutamka "pelotoni", yaani kundi la baiskeli zinazokwenda zimebanana, mbele ya watu wenye haya ya kuuliza pelotoni ni nini.

Kikundi chetu cha Garissa kilizaliwa Septemba 2025, wiki ile mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuandaliwa katika bara la Afrika. Tulikuwa hotelini tunakunywa chai huku Tadej Pogačar wa Slovenia akivipanda na kuvishuka vilima vya Rwanda mpaka akamaliza kilomita 267.5 akiwa wa kwanza. Kapteni wetu, ambaye saa hiyo alikuwa bado mtu wa kawaida, akagonga meza vikombe vikaruka.

"Kigali ni vilima vitupu," akasema. "Sisi hapa ni tambarare. Wenzetu wameweza, sisi tumeshindwa na nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na ule ukimya ukahesabiwa kuwa kura. Kufikia magharibi tayari tulikuwa na kikundi cha WhatsApp, mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ndogo ya mavazi. Baiskeli zilikuwa bado hazijapatikana.

Nimefikia uamuzi kwamba baiskeli moja ni chombo cha safari, lakini baiskeli nyingi zikienda pamoja ni mkutano mkuu wa mwaka uliofungwa magurudumu. Una ajenda isiyofuatwa, akidi isiyotimia, mweka hazina anayeulizwa maswali makali, na yale mengineyo ya mwishoni ambayo hula muda kuliko yote yaliyotangulia. Mwenye shaka na anifuate mwanzoni mwa Oktoba, siku ya safari yetu ya kwanza.

Ajenda ilikuwa nyepesi. Tutoke mjini kwa kuelekea kusini, Mto Tana ukiwa upande wetu wa kulia, tupite hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, tufike mashamba ya kando ya mto upande wa Korakora, tugeuze, na adhuhuri itukute nyumbani. Kapteni alikuwa na ndoto ndefu zaidi. Tana huzaliwa kwenye Aberdare na Mlima Kenya, ukazunguka nchi kavu kwa takriban kilomita elfu moja, kisha ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. "Leo Korakora, mwakani Kipini, tuoge baharini!" akaandika kwenye WhatsApp. Wanachama wote wakamjibu kwa kidole gumba. Kidole gumba hakina gharama.

Kamati ndogo ya mavazi ilikusanya michango ikaleta fulana nyeusi. Ilipoulizwa, ikaeleza kwamba nyeusi haionyeshi uchafu. Nje ya mji huu kuna kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Jua ambalo taifa zima limeona linafaa kuzalisha umeme, sisi tukaenda kulipokea kwa poliesta nyeusi.

Mhasibu, mwenye baiskeli ya bei kubwa kuliko pikipiki, alikuja na vazi lake la ziada: kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli, ile inayoanzia kiunoni na kuishia pajani bila kuacha jambo lolote bila kuelezwa. Garissa ni mji wa heshima zake. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini aliiona ile kaptula, akageukia ukuta, akautazama mpaka tukapita. Muuguzi, mama wa watu aliyekuja na buibui lake na baiskeli ya waridi ya binti yake, yenye kikapu mbele, hakugeukia ukuta.

"Ndugu yangu," akamuuliza, "hiyo ni nguo umevaa au ni rangi umejipaka?"

Mwalimu, mwenyeji wetu wa kuzaliwa papa hapa, akafungua begi akatoa macawis yake ya akiba, ile saruni ya miraba ambayo wanaume wa huku huivaa nyumbani, akamfunga mhasibu kiunoni. Heshima ikarudi. Nani angejua kwamba pindo lile lilikuwa na miadi na cheni?

Tulikubaliana kuondoka mara baada ya Swala ya Alfajiri. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa watatu. Wengine walikuwa njiani, kwa mujibu wa jumbe zao, na mmoja aliandika kwamba yuko njiani huku jogoo wa jirani yake akisikika kwenye sauti aliyotuma. Akidi ilitimia saa moja unusu. Ikafuata dua ya Kiislamu, kisha sala ya Kikristo, kisha picha, kisha picha nyingine kwa sababu katika ile ya kwanza mweka hazina alikuwa amefumba macho, na hakutaka watu waseme tena kwamba haoni hela zinakokwenda. Kapteni akatoa hotuba kuhusu ishara za mikono. Mkono wa kulia ukiinuliwa, wote tunasimama. "Pelotoni ni ishara!" akasema. Akapuliza filimbi, tukang'oa nanga saa mbili.

Ishara ile ilitumaliza kabla ya kutoka Barabara ya Kismayu. Aliyepangwa mstari wa mbele alikuwa daktari wa meno, na daktari wa meno katika mji kama huu ana wagonjwa kila kona. Muuza mitumba akamwita, "Daktari!" naye akainua mkono wa kulia kumsalimu. Sisi wa nyuma tukashika breki kama tulivyofundishwa. Katibu akampanda makamu wa mwenyekiti, makamu akaangukia pipa la muuza mandazi. Tukajikusanya, tukaendelea. Mita chache mbele, dereva wa tuktuk aliyeng'olewa gego akampungia. Mkono juu, breki, vumbi. Mpaka tunaufikia mwisho wa maduka, daktari alikuwa amesalimia nusu ya mji na kuangusha nusu ya chama.

Tulikuwa na gari la huduma, jambo ambalo kapteni alisema haliwezi kukosekana katika mashindano yanayojiheshimu. Gari lenyewe lilikuwa tuktuk iliyokodiwa kwa siku nzima. Ilibeba maji ya kunywa, tyubu za akiba, pampu kubwa, na mfuko wenye vitambulisho vyetu vyote, maana nguo za michezo hazina mifuko, na katika barabara za huku mtu anaweza kusahau viatu nyumbani lakini si kitambulisho. Dereva alitakiwa atufuate polepole. Alitufuata polepole kweli, polepole kiasi kwamba abiria mmoja alimsimamisha akamwomba ampeleke Bula Iftin. Dereva akaitazama pelotoni, akaona haiendi popote kwa haraka, akageuza.

Sisi tusijue. Tulikuwa tumekutana na upepo.

Watu wanaposikia tambarare hudhani ni raha. Hawajakutana na kusi. Kusi lilikuwa bado halijaaga mwezi ule, mvua za vuli, ambazo huku huitwa deyr, zilikuwa zinangojewa, na sisi tulikuwa tunaelekea huko huko linakotoka. Mlima una kilele, na baada ya kilele kuna mteremko wa kukufuta machozi. Upepo hauna kilele. Unakanyaga pedali saa nzima, ukiinua macho mgunga uliouona tangu asubuhi uko pale pale, unakusubiri.

Kapteni akaona hapa ndipo pa kutumia elimu ya pelotoni. Anayetangulia huukata upepo, wanaomfuata wakajificha nyuma yake na kuokoa nguvu nyingi. Kisha wa mbele hurudi nyuma kupumzika, mwingine akashika zamu. Huko Ulaya mpango huu huongeza kasi. Kwetu kila mtu alielewa sehemu ya pili ya somo, ile ya kujificha, na yakaanza mashindano ya kutokuwa wa kwanza. Kapteni akipunguza mwendo ili apitwe, nasi twapunguza zaidi tusimpite. Mhasibu aliwahi kusimama kabisa, mguu mmoja chini, akajifanya anakagua gia. Muuguzi peke yake, pindo la buibui limebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, alikwenda mwendo wake ule ule na kikapu chake cha waridi, mpaka tukaanza kumwona kwa mbali.

Hapo ndipo punda alipotupita. Alikuwa anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji, na juu yake kijana amekalia gunia. Alikwenda sambamba nasi kwa muda, akatukagua mmoja mmoja.

"Mnatafuta mtu?" akauliza kwa wema.

Kapteni akamjibu kwamba sisi ni wanamichezo. Kijana akamgusa punda kwa fimbo, akatuacha.

Bour-Algi si mbali na mji, na twiga wake hawana haja ya kutafutwa. Hawa ni twiga wa Kisomali, wenye mabaka mekundu yaliyotenganishwa na mistari myeupe myembamba iliyonyooka. Mwaka 2018 waliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari ya kutoweka, lakini hapa jamii ya wafugaji imeamua kuishi nao, na wao wameamua kuishi na barabara. Tulipofika, walikuwa wanavinjari kwenye migunga hatua chache kutoka njiani. Kapteni akaamuru ukimya. Ukimya ukadumu mpaka simu ya mweka hazina ilipolia kwa sauti ya juu kabisa, mwanachama mmoja akidai risiti ya fulana.

Twiga hawakukimbia. Walitusogelea. Mmoja akateremsha shingo kuja kumtazama daktari wa meno uso kwa uso, huku anatafuna na ulimi wake wa karibu nusu mita ukipangusa pua.

"Hana meno ya juu ya mbele," daktari akanong'ona kwa majonzi ya kikazi. "Hata moja."

"Ndivyo walivyoumbwa," mwalimu akamtuliza. "Ng'ombe pia hana. Hata ngamia ana upungufu."

"Najua. Lakini ukimwona mgonjwa karibu hivi..."

Ili tupige picha vizuri, tulikuwa tumezilaza baiskeli pembeni, chini ya vichaka vya kijani vilivyotoa kivuli cha kuvutia. Mkazi yeyote wa Garissa, Tana River au Baringo angetupigia kelele. Kichaka cha kijani nchi inapokuwa kavu namna ile ni mathenge. Mti huu asili yake ni Amerika, uliletwa huku kwetu na kupandwa, Bura na Hola zikiwemo katika miaka ya 1980, ili uzuie jangwa na kutoa kuni. Ulizuia jangwa, kisha ukaendelea kuzuia malisho, njia na kingo za mito. Wakazi wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa ajili yake, na miongoni mwa vielelezo vyao mahakamani alikuwamo mbuzi asiye na meno, yaliyoharibiwa na maganda ya mathenge yenye sukari. Daktari alipokumbushwa kisa hicho alikasirika upya. Alisema mbuzi yule hakuletewa mtaalamu.

Lakini mathenge ina kitu kingine zaidi ya maganda: miiba, mirefu na migumu, inayopenya hata soli ya kandambili. Tulipozirudia baiskeli tulipokewa na sauti laini ya upepo. Ssss. Kila tairi lilikuwa linatoa maoni yake. Baiskeli ya muuguzi ndiyo pekee iliyosalimika, kwa sababu aliisimamisha kwenye stendi barabarani, akiogopa binti yake.

"Gari la huduma!" kapteni akapaza sauti, akapuliza filimbi. Twiga wakageuka kumtazama. Tuktuk haikuonekana. Akapiga simu.

"Niko njiani, bosi," dereva akasema. "Nashusha mtu tu."

"Unashusha wapi?"

"Hapa Bula Iftin."

Maji, tyubu, pampu na vitambulisho vyetu vilikuwa vinatembezwa mtaa kwa mtaa vikiwa na mtu asiyetujua. Ilibaki pampu ndogo ya mhasibu, inayong'aa, iliyotengenezewa vali nyembamba za baiskeli yake ya fahari. Baiskeli zetu sisi wengine zina vali nene za kawaida. Kwa hiyo tulikuwa na pampu inayomfaa mtu mmoja, na huyo mmoja tyubu yake ilikuwa na matundu manne. Solusheni ya katibu ilikuwa imekaukia kwenye tyubu yake tangu dukani. Mwalimu akashauri tuteremke hadi mashambani, kwa kuwa palipo na mashine ya maji pana fundi.

Tukazikokota. Njia ya kwenda mtoni ni ya mchanga, ule laini unaomeza kiatu na kukurudishia soksi. Lakini ukivuka ukavu ule, nchi hubadilika ghafla. Inakuja migomba, miembe, mipapai, matikiti maji yamelala kwenye matuta, mikoma imesimama mirefu, na nyuma yake Tana yenyewe, pana, ya rangi ya chai ya maziwa, inaelekea pwani bila kelele. Makamu wa mwenyekiti alitaka kuingia kuoga. Kijana mmoja aliyekuwa anafyeka akamwonyesha gogo lililolala kwenye ukingo wa pili. Gogo likafumbua macho. Makamu akasema alikuwa anatania.

Fundi tulimkuta anasafisha mashine ya kuvutia maji. Alitutazama: watu wazima, fulana nyeusi, mmoja amefunga macawis juu ya kofia ya plastiki aliyokuwa ameivua na kuipachika kiunoni, mmoja ana kikapu cha waridi.

"Mnauza nini?" akauliza.

"Hatuuzi kitu, mzee," kapteni akamjibu.

"Mnahubiri?"

"La."

"Mmetumwa na shirika?"

"Hapana. Tunaendesha baiskeli tu."

Akafikiri kwa muda mrefu.

"Basi mna shida gani?"

Tulimweleza ile ya miiba kwa kuwa ndiyo tuliyoweza kuieleza. Akaweka karai la maji, akatumbukiza tyubu moja moja kutafuta mapovu, akakata viraka kutoka tyubu kuukuu ya pikipiki, akavisugua kwa msasa na kuvibandika. Tyubu ya baiskeli yangu akaitazama, akaitupa. "Hii imekufa," akasema. Akaenda migombani akarudi na majani makavu, akayasokota na kuyashindilia ndani ya tairi mpaka likajaa, akalirudisha kwenye rimu. Nilisafiri kwa majani ya mgomba, na yalinibeba, ila palipokuwa na fundo la majani kila mzunguko ulinirusha kidogo. Muuguzi alisema kwa nyuma naonekana kama mtu anayekubaliana na kila kitu.

Saa nne ilikuwa imepita. Tulipotokea tena barabarani tulikuwa na kiu ya watu walioachwa na maji yao, tukakuta kibanda cha miti na turubai. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima mwenye mitungi ya maziwa ya ngamia.

"Eedo, tusaidie," mwalimu akamwamkia kwa heshima, kisha wakazungumza Kisomali kwa kirefu, na katikati nikasikia neno baaskiil na kicheko. Mama akatukaribisha mkekani. Akamtazama kapteni, mzaliwa wa Kirinyaga.

"Na huko Kenya, mvua imenyesha?" akamuuliza.

Kapteni akafungua mdomo amkumbushe ramani, mwalimu akamkanyaga mguu. "Bado, mama," akajibu. "Kenya inangoja."

Maziwa yale yana harufu ya moshi, kwa sababu vyombo hufukizwa kwa kuni maalumu ili maziwa yasiharibike upesi. Ni matamu, mepesi, na yana sifa moja ambayo mkazi wa huku huijua tangu utotoni na mgeni huijua jioni yake: tumbo lisiloyazoea huyapitisha kwa kasi.

"Kikombe kimoja, mhasibu," mwalimu akaonya. "Kimoja tu."

Mhasibu akasema yeye amesoma habari za protini. Akanywa vitatu, akajipangusa, akasema anajisikia mtu mpya.

Njiani tulizuiwa na ngamia. Kundi lilikuwa limeijaza barabara pande zote mbili, na kiongozi wao alikuwa amevaa koor, kengele ya mbao ya shingoni. Kapteni akapiga kengele ya baiskeli: kring, kring. Ngamia akatikisa shingo: kok, kok. Kapteni akapiga tena kwa nguvu. Ngamia akajibu tena, bila kusogea hata hatua. Mjadala huo ukaendelea mpaka mchungaji, mtoto wa umri wa darasa la tano hivi, akatoka nyuma ya kundi.

"Adeer," akamwambia kapteni kwa upole, "hiyo yako ni ndogo."

Ilikuwa wakati wa mjadala huo ambapo mhasibu alinyamaza. Uso wake ukawa wa mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, tukaona baiskeli ya gharama ile inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Alipenya katikati ya ngamia, akawapita wote, akashika mbele peke yake dhidi ya upepo, akakanyaga pedali kama ambavyo kapteni alikuwa anatuomba tangu asubuhi. Kapteni akashangilia. Hakujua kilichokuwa kinamfukuza.

Macawis ndiyo iliyomkamata. Pindo likaingia kwenye cheni, cheni ikalivuta, kitambaa kikajizungusha kwenye gia, na mhasibu akalala barabarani pamoja na mali yake. Akawa na mambo mawili ya kuamua na muda wa kuamua moja. Aliifungua saruni kiunoni, akaiacha ndani ya cheni, akaingia kichakani kwa kaptula yake ile iliyomgeuza mzee ukutani. Kichaka kilikuwa mathenge. Sitasimulia tulichosikia. Muuguzi alitumia koleo ndogo na Dettol kwa muda mrefu, akimwambia atulie, na mwalimu akatumia muda mrefu zaidi kuing'oa macawis yake uzi kwa uzi, bila kusema neno, na kwa ajili hiyo tulimheshimu sana.

Saa saba simu zilikuwa zinasoma nyuzijoto 37. Kikao cha dharura kikaitishwa chini ya mgunga wenye kivuli cha watu wanne. Kivuli kikagawanywa kwa vyeo: mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina, wengine tukashiriki kutoka juani. Hoja ilikuwa moja: turudi kwa baiskeli, huku kusi sasa likiwa nyuma yetu na likitusukuma, au tuombe gari. Kapteni akazungumza kwa uchungu juu ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, akaanza kufundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne. Je, wangekata tamaa wangefika? Tukampigia makofi. Kisha tukapiga kura. Kura ya kapteni ikabaki peke yake.

Lililotokea ni lori la mbuzi kwenda soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, kwa hiyo barabara za huku hazikosi lori la namna hiyo. Dereva akasema nafasi ipo tukisimama. Nauli?

"Nyinyi kama hao," akaonyesha nyuma. "Kwa kichwa."

Tukalipa kwa kichwa. Baiskeli hazina kichwa, zikapanda bure. Muuguzi alikataa kupanda. Alisema upepo uko nyuma, baiskeli yake nzima, na binti yake anaitaka saa tisa. Tukamwona anaondoka na kikapu chake, na hata lori liliposimama kuongeza mbuzi wengine, alitupita akatupungia mkono wa kulia. Hakuna aliyeshika breki.

Kapteni alikuwa amesahau kuzima programu ya simu inayopima mwendo. Tulipofika sokoni, ikampongeza kwa fataki za rangi. Ilimwambia amefikisha kilomita 71 kwa saa na kuvunja rekodi zake zote za nyuma. Pogačar, kule Kigali, wastani wake ulikuwa zaidi kidogo ya kilomita 40. Kwa hiyo katika sehemu hiyo ya barabara ubingwa unashikiliwa na mtu aliyekuwa amekaa juu ya gunia la pumba, ameshika pembe ya mbuzi ili asianguke.

Yakabaki yale mengineyo. Katibu akaandika kwenye WhatsApp kwamba safari ilifana sana, vidole gumba vikamiminika, hata kutoka kwa wale ambao hawakuja. Dereva wa tuktuk naye akaleta hesabu yake: kukodiwa siku nzima, pamoja na muda wa kutusubiri mjini. Mweka hazina akapinga, akanukuu makubaliano, akatishia kuitisha kikao. Kisha akalipa yote, kwa sababu dereva ndiye aliyekuwa na vitambulisho vyetu.

Pamoja na hayo yote, neno langu kwa msomaji ni hili: Garissa ni nchi ya baiskeli. Haina mlima wa kukutoa roho, mto unakufuata na kivuli chake, na twiga wako karibu kiasi kwamba unaweza kuwaamkia na bado ukafika kazini. Toka mara baada ya Swala ya Alfajiri, uwe umerudi saa tatu. Wakati wa kusi, anza kwa kuelekea kusini, ili upepo ukurudishe ukiwa umechoka. Vaa nyeupe. Chukua tyubu mbili, solusheni mbichi, na pampu uliyoijaribu nyumbani. Usilaze baiskeli chini ya kitu chochote cha kijani. Maziwa, kikombe kimoja. Kitambulisho kiwe mwilini mwako. Na msizidi watatu, maana wa nne akifika tu, mtaanza kuchagua viongozi.